Sufuria Lililofika Bigwa: Kumuaga Dk. Hosiana Mfinanga

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Dk. Hosiana Mfinanga, ambaye kituo kizima kinamwita Mama Hosi, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika Kituo cha Utafiti wa Jamii na Maafa, hapa Kilakala. Wasifu wake mimi, Castory wa ofisi ya machapisho, niliuandika mapema mwezi Februari. Ulikuwa mzuri, wenye picha, na uliishia kwa sentensi tamu kuhusu kitabu chake kipya. Nimeutupa wote. Yaliyotokea tangu Machi yametuacha midomo wazi, na mpaka naandika haya bado sijui kama midomo imeshafungika.

Tuanze na yale ambayo hayakubadilika. Mama Hosi ni mzaliwa wa Usangi, Upareni, mahali ambapo bahari huonekana kwenye kalenda za ukutani tu. Alipoajiriwa, kituo kilikuwa na vyumba viwili na Landrova moja iliyowaka ikipenda. Mkurugenzi wa wakati huo alimpa swali: kwa nini watu wa pwani wakiambiwa kimbunga kinakuja hawahami? Akapelekwa Mkungamo, kijiji cha mwambao kilicho mbele ya delta ya Rufiji, akae miezi michache alete jibu. Alirudi na maswali mapya, akaomba aende tena. Ameendelea kwenda tena mpaka nywele zimekuwa nyeupe.

Kazi yake imekuwa kuchunguza vikundi vya kuzikana, vya kuweka akiba, vya ngoma na vya kupika kwenye harusi. Alitaka kujua, siku maji yakipanda, mtu humsubiri nani hasa: kamati ya maafa iliyobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, au jirani aliyemsaidia kuzika mwaka jana? Wakati wenzake katika nyanja hii walikuwa wanahesabu ving'ora na majengo ya kukimbilia, yeye alikuwa amekaa kwenye mkeka, anasikiliza akina mama wakigombana nani alichelewa kuleta kuni.

Kwa ukali hajambo. Kanuni yake ya kwanza kila mfanyakazi mpya aliifahamu kabla ya kujua choo kiko wapi: mtafiti haingii kwenye kikundi anachokitafiti. Hachangii, hapigi kura, hapewi cheo. Anabaki mgeni, kwa sababu mgeni ndiye anayeona. Mimi mwenyewe ilinikuta. Mwaka mmoja nilitumwa Pangani kuhoji kikundi cha akiba, nikarudi nimechaguliwa katibu. Mama Hosi hakupaza sauti. Aliniambia tu nirudi Pangani nikajiuzulu, na nauli nijitegemee.

Ili kutuonyesha kwamba hata yeye aliwahi kuponea chupuchupu, alikuwa na kisa chake cha semina elekezi, ambacho sote tunaweza kukisimulia usingizini. Mwaka wake wa kwanza Mkungamo kulikuwa na msiba. Wapishi walikuwa akina mama wa kikundi kiitwacho Tufikiane, ambao ndio wanaopika kwenye kila shughuli ya kijiji. Mpishi mmoja aliitwa akamnyonyeshe mtoto, akaangaza macho, akamwona binti wa Kipare amesimama bure na kalamu, akamtia mwiko mkononi. Binti akasonga ugali wa kijiji kizima mpaka viganja vikatoka malengelenge. Hapo sisi tulicheka kila mwaka. Naye alimalizia kwa kutuambia kwamba tangu siku hiyo hakukaribia tena jiko la msiba, asije akaonekana mwanachama.

Kisa hicho msikisahau. Laiti tungekisikiliza vizuri tulipokuwa tunacheka.

Miaka kadhaa iliyopita kimbunga kilitangazwa kweli, na Mama Hosi alikuwepo Mkungamo. Redio ilisema. Mwenyekiti wa kijiji akapita na kipaza sauti. Watu wakaendelea kukaanga samaki, maana wameshasikia tahadhari nyingi zilizoishia manyunyu. Kisha akina mama wa Tufikiane wakalitoa sufuria lao kubwa, lile la misiba, wakapitisha mti kwenye vishikio vyake, wakalibeba wawili mbele na wawili nyuma kuelekea shule ya msingi iliyo kilimani. Kijiji kizima kikafunga virago. Sufuria la Tufikiane haliendi mahali pasipo na jambo. Likitoka, watu hulifuata kwanza, maswali baadaye.

Ugunduzi huo ndio uliompa jina. Leo katika vijiji vingi vya mwambao tunakofanya kazi, swali letu la kwanza kwa kamati ya maafa si king'ora kiko wapi. Tunauliza sufuria la misiba linawekwa kwa nani, na nani wanalibeba. Wapo wataalamu waliotucheka mkutanoni. Kimbunga kilichofuata hawakucheka.

Lakini kilichopendwa zaidi kilikuwa jambo jingine. Siku ile ya kimbunga Mama Hosi alikuwa amelala nyumba ya wageni, mwisho kabisa wa kijiji, karibu na maji. Akina mama walimfuata yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, kabla hata waume zao hawajavaa viatu. Wakamtanguliza na watoto kwa njia ya juu, nao wakafuata nyuma na sufuria. Hakulisahau jambo hilo. Aliandika kwamba kikundi kilichozoea kubeba misiba pamoja hakibagui. Siku ya hatari humchukua mgeni kwanza. Sura hiyo aliiita “Mgeni Kwanza”. Ikasomwa huku na huku, ikafundishwa, ikatafsiriwa. Kituo kikaichukua kuwa kaulimbiu yake. Iko kwenye bango la ukumbi wa mikutano, kwenye kofia, kwenye fulana, na kwenye kikombe ninachonywea chai. Ilikuwa iwe pia jina la kitabu chake kipya, ambacho ilipofika Machi kilikuwa tayari kwa mchapaji.

Ndani ya sura hiyo kulikuwa na mtu mmoja aliyewekwa chini kabisa, kwenye tanbihi. Anaitwa Gervas, kijana wa Mahenge aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi ya Mkungamo. Yeye kimbunga kilimkuta kambini. Alishinda amekumbatia nguzo ya tangi la maji, boriti ikamwangukia mguu, na mpaka leo anatembelea fimbo. Tanbihi ilieleza kwamba kambi ya chumvi ilikuwa kwenye njia ya chini, ambayo yaelekea ilikuwa imeshafunikwa na maji, kwa hiyo akina mama hawakuweza kumfikia. Kwa kuwa Mama Hosi mwenyewe alitangulizwa kwa njia ya juu, aliamini sufuria nalo lilipita huko.

Basi, ikafika Jumapili ile ya Machi. Mvua ilinyesha milimani tangu asubuhi, na mchana tope likashuka Bigwa, anakoishi Mama Hosi, kama limetumwa. Kwa bahati Mama Hosi alikuwa kanisani. Aliporudi alikuta ukuta wa jikoni umelala chini, tope limefika dirishani, na simu aliyoiacha kwenye chaji imezama nalo.

Sisi wenzake tulipata habari jioni hiyo hiyo. Sasa naomba msomaji akumbuke sisi ni nani. Sisi ndio tunaowafundisha watu wa pwani la kufanya siku ya maafa. Tuna digrii za jambo hili. Basi tulichofanya ni kuunda kundi la WhatsApp. Jina la kwanza lilikataliwa kwa kuwa halikutaja kwamba kamati ni ya muda. Jumatatu asubuhi tukaitisha kikao cha dharura ukumbini, chini ya bango la MGENI KWANZA. Raya, anayefanya usafi na kutupikia chai, akaleta chai na chapati. Tukajadili hadidu za rejea. Mwenzetu mmoja, ambaye leo kwenye sherehe hii ya kuaga amekaa safu ya mbele na simtaji, akasema kitaalamu hatuwezi kutoa msaada kabla ya kutathmini mahitaji. Tukaona amesema la maana. Vijana wawili wakatumwa Bigwa na dodoso.

Mama Hosi alikuwa amekunja sketi, amesimama kwenye tope na koleo. Alijibu dodoso lote, mwanzo hadi mwisho, na kabla hawajaondoka akawarekebishia swali moja lililokuwa na maswali mawili ndani yake. Wale vijana wakamshukuru kwa ushirikiano wake. Wakarudi ofisini kuandaa ripoti.

Ripoti ilikuwa inawasilishwa Jumanne wakati dereva wetu Mwinjuma alipofungua mlango bila kubisha. “Kwa Mama Hosi kuna Fuso,” alisema. “Limejaa wanawake.”

Tulikwenda wote. Lilikuwa lori la chumvi kutoka Mkungamo. Bi Saada Mtulia, mwenyekiti wa Tufikiane, alikuwa amezoea kupigiwa simu na Mama Hosi kila Jumapili. Jumapili ile simu haikuja, na alipopiga yeye haikupatikana, akampigia Mwinjuma. Mwinjuma akamweleza. Hakuna kikao kilichoitishwa. Walidandia lori la kwanza, wakanunua mkaa Mikese, wakawa wanauliza njia tangu Msamvu. Tulipofika tulikuta nusu yao wanazoa tope na nusu wamekwishainjika. Na juu ya mafiga, uani kwa Mama Hosi, Bigwa, chini ya Milima ya Uluguru, lilikaa lile sufuria. Tumeandika habari zake miaka yote hiyo na wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuliona.

Mkurugenzi wetu, Dk. Charles Ngonyani, alijikaza akatoa hotuba fupi. Aliwaamkia wale mama shikamoo, akawashukuru kwa wema huu mkubwa waliomfanyia mtu ambaye kwao alikuwa mgeni wa miaka mingi.

“Mgeni gani, baba?” Bi Saada aliuliza. Hakuacha kukwangua tope kwenye kigoda. “Huyu mwenzetu. Alishika mwiko kwenye msiba wa mama yangu mzazi, mpaka mikono ikamchubuka. Wewe waona tungepanda lori la chumvi mpaka huku kwa ajili ya mgeni?”

Wapo waliocheka, wakidhani ni mzaha wa pwani. Mama Hosi hakucheka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, koleo bado mkononi. Kumbe Tufikiane hawaandikishani. Hakuna fomu wala kiapo. Aliyeshika mwiko wao mbele ya sufuria hilo ni wao, naye ndiye wanayemfuata siku ya hatari. Walimhesabu tangu mwaka wa kwanza. Mwalimu wa kanuni ya kutoingia kwenye kikundi alikuwa mwanachama muda wote, na kila mwaka alitusimulia mwenyewe jinsi alivyoingia, akiwa hajui, nasi tukacheka.

Mama Hosi aliuliza jambo moja. “Saada, na Gervas?”

“Yupi, yule wa chumvi?” Bi Saada alifikiri kidogo. “Yule hakuwahi kushika mwiko. Tulipita pale kambini kwao na sufuria, tukajua wana watu wao wa kuwafuata.”

“Mlipita njia ya chini?”

“Siku zote. Ya juu sufuria halipiti, ina kona.”

Alisema bila ubaya wowote, kama anayeeleza duka liko wapi. Nilimtazama Dk. Charles, naye alikuwa ametazama chini. Kila mtu aliyeisoma ile sura alielewa palepale. Mgeni hakuchukuliwa wa kwanza. Mgeni hakuchukuliwa kabisa. Aliyechukuliwa wa kwanza alikuwa mwenzao, na mgeni wa kweli siku ile alipitwa mlangoni.

Kesho yake Mama Hosi aliingia ofisini na mabuti ya mvua, moja kwa moja mpaka kwa mkurugenzi. Aliniita na mimi kwa kuwa kitabu kilikuwa mikononi mwangu. Alitaka mchapaji asimamishwe, na sura ya “Mgeni Kwanza” itoke yote.

Naomba mnielewe hilo lilikuwa na uzito gani kwake. Sura hiyo ndiyo Mama Hosi anayojulikana nayo. Wanafunzi wanaokuja kumsalimu huja kwa ajili yake. Alibakiza miezi mitatu kazini, na mtu wa umri huo hapati tena miaka mingine thelathini ya kujenga jina upya. Dk. Charles alimsihi, na simlaumu. Yeye ndiye aliyekuwa akimbebea begi Mkungamo alipokuwa kijana, na hadi leo humwamkia kila asubuhi kabla ya kukaa. Mgeni rasmi alikuwa ameshaalikwa, fulana zimeshachapwa, wafadhili wanasubiri. Alishauri tanbihi irekebishwe kimya kimya. “Mama, naomba ustaafu salama,” alisema.

“Charles mwanangu,” alijibu, “nikistaafu na uongo huu nitakaa nao nyumbani kutwa. Wewe utabaki na kazi. Mimi nitabaki na nini?”

Nikampigia mchapaji mbele yao.

Watu wengi wangeishia hapo, na ingetosha. Mama Hosi akauliza Gervas anaishi wapi siku hizi. Mwinjuma, ambaye nyumba yake iko Kingolwira, akashangaa kuulizwa: Gervas anashona viatu karibu na stesheni, na soli za Mwinjuma mwenyewe zimepita mikononi mwake. Mtu wa tanbihi yetu alikuwa jirani yetu miaka yote. Wiki iliyofuata tulimchukua, tukaenda naye Mkungamo: Mama Hosi, Gervas, Mwinjuma na mimi.

Tulikaa uani kwa Bi Saada, akina mama wote wamekuja. Mama Hosi aliwaambia waziwazi. Kwamba ameandika uongo juu yao kwa sababu aliwapenda na hakuuliza. Kwamba walimpita mtu. Uani pakachafuka. Wengine walishika vichwa, wengine walianza kusema kwa pamoja. Bi Saada alisimama, macho yamemtoka. “Kwa hiyo leo umekuja kutuambia tulimwacha mtu afe? Wewe, Hosiana, tuliyekufuata Bigwa?”

Gervas aliinua mkono kama mtoto wa shule. “Shikamooni mama zangu,” alisema. “Mimi sina ugomvi. Ila nililisikia sufuria likipita. Lilikuwa linagonga-gonga kwenye mti. Nikasema moyoni, hawa wanakwenda kupika.”

Bi Saada alikaa, akasimama, akakaa tena. Kisha akavuta kanga usoni akalia, na wenzake wakalia naye, na sioni aibu kusema Mwinjuma na mimi tulikwenda kutazama gari ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Tuliporudi moto ulikuwa umewashwa. Sufuria limeinjikwa, maji yanachemka, na pembeni wameweka kigoda. Gervas alikalishwa, mguu mbovu ameunyoosha mbele, Bi Saada akamtia mwiko mkononi. Akasonga. Hakuna aliyehutubia. Tulikula ugali huo na dagaa, ulikuwa na madonge, na hakuna aliyethubutu kusema.

Tangu siku hiyo Mkungamo wana utaratibu mpya. Mtu yeyote anayekuja kulala kijijini, awe kibarua wa chumvi, mwalimu, fundi wa mnara au mpita njia wa wiki mbili, huitwa Ijumaa yake ya kwanza kushika mwiko. Hawasubiri msiba. Wakipika uji tu, inatosha. Baada ya miaka thelathini na moja ya kuandaa watu kwa maafa, nadhani hili ndilo jambo kubwa kuliko yote ambayo Mama Hosi ameacha pwani, na amelifanya miezi mitatu kabla ya kuaga.

Ningependa kuishia hapo. Lakini njiani, tumekaribia Mikese, Mama Hosi aliuliza kutoka kiti cha nyuma: “Na kwetu je? Pale Kilakala, ni nani hajashika mwiko?”

Nilianza kumjibu kitaalamu. Mwinjuma, macho yako barabarani, akanikata. “Raya,” alisema.

Raya, mama wa watoto watatu kutoka Kinole, ameletwa kwetu na kampuni ya usafi, kwa hiyo hamo kwenye mfuko wetu wa kufa na kuzikana, wala kwenye kundi la WhatsApp, wala kwenye picha ya wafanyakazi. Anaishi bondeni, Kichangani. Mvua ile ile ya Jumapili iliyoshusha tope Bigwa ilijaza maji chumba chake mpaka kitandani. Watoto walilala kwa jirani. Jumatatu asubuhi alikuja kazini na nguo za kuazima, akatupikia chai na chapati, akasimama mlangoni kusubiri vikombe huku sisi tukijadili kwa uchungu janga lililompata mwenzetu. Alisikia kila neno. Aliyajua hayo Mwinjuma peke yake, kwa kuwa ndiye aliyemwona kituo cha basi na kumuuliza kwa nini amelowa.

Mama Hosi alimfuata jikoni siku tuliporudi, akamuuliza kwa nini hakusema. Raya alionekana kushangaa. “Nilisikia kikao ni cha wafanyakazi,” alijibu.

Hilo ndilo lililotumaliza. Sijui mwenzangu msomaji, lakini mimi tangu siku hiyo kile kikombe cha MGENI KWANZA kimenishinda kunywea.

Kwa hiyo leo, mliohudhuria, msitafute kitabu mezani. Hakipo. Kitatoka kikiwa tayari, na ile tanbihi itakuwa sura nzima, yenye jina la Gervas juu yake, kwa ridhaa yake. Sentensi ya kwanza ya kitabu Mama Hosi ameshaiandika, nami nimeiona: “Mimi ni mwanachama wa kikundi ninachokiandika.” Bango la ukumbini limeshushwa. Fulana msiniulize; Mwinjuma anaoshea gari, na anasema zinanyonya maji vizuri.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, tukiwa tumeshachagua friji, Mama Hosi alilikataa. Ameomba kituo kinunue sufuria kubwa. Limenunuliwa. Tufikiane wamekuja tangu jana na mwiko, wameuchonga wenyewe, na chakula cha mchana wa leo ndicho kinachopikwa humo, nyuma ya ukumbi. Ratiba haionyeshi, kwa hiyo naitangaza hapa: kabla ya kukaa, kila mtu apite nyuma akashike mwiko. Maprofesa, walinzi wa getini, bwana shamba, wajumbe wa bodi, vijana wa dodoso. Anayeukabidhi mwiko huo ni Raya, ambaye aliushika wa kwanza leo asubuhi. Mara ya mwisho nilipochungulia, Dk. Charles alikuwa anamuuliza aweke wapi koti lake.

Mama Hosi, asante kwa Mkungamo, na asante kwa ukali. Asante kwa nauli ya Pangani niliyojilipia, ambayo leo naielewa kuliko wewe ulivyoielewa siku ile. Umetufundisha kazi miaka yote hiyo, na katika miezi mitatu ya mwisho ukatufundisha upya, ukilipa kwa jina lako mwenyewe. Tunakutakia mapumziko marefu pale Bigwa, afya, na jiko lenye ukuta imara.

Na mvua ikishuka tena kutoka mlimani, wewe huko Bigwa na Raya kule Kichangani, msitusubiri tuitishe kikao. Sikilizeni barabarani. Mtalisikia linagonga-gonga, na safari hii halitapita.